Kopo Linajua Kujaza Tu: Mwongozo wa Vitamini za Nyongeza kwa Mifupa na Moyo

Jioni moja shangazi yangu aliniita nyumbani kwake hapa Mwanhuzi, mkoani Simiyu. Alitandika mkeka chini ya mwarobaini, akamimina juu yake vilivyokuwa kwenye kikapu. Yalitoka makopo matatu. La kwanza liliandikwa ni la mifupa, la pili la moyo, la tatu la watu wazima wote, wake kwa waume. Aliyanunua mnadani kwa kijana mwenye kipaza sauti aliyemwambia, "Mayu, magoti yako yameisha mafuta na moyo umechoka. Ukimaliza dozi hii utacheza ngoma." Bei ya yote matatu ilikaribia bei ya mbuzi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba shangazi, mwenye presha ya miaka mingi, alikuwa na wiki mbili hajameza vidonge vyake vya hospitali. Kijana alimwambia asichanganye.

Sikumlaumu. Magoti yanauma kweli, na anayeumwa hushika anachopewa. Tulikaa pale mkekani, tukageuza makopo yale nyuma na kusoma maandishi madogo hadi giza likaingia. Mwongozo huu umetokana na jioni ile. Nimeuandika kwa ajili ya shangazi, kwa ajili ya mama yako na kwa ajili yako wewe unayetuma hela nyumbani ili "mzee anunuliwe vitamini".

Kubwa ninalotaka ulishike ni hili: kopo la vitamini linajua kazi moja tu, kujaza. Likikuta pengo mwilini, litalijaza na utafaidika. Likikuta pamejaa, litafurisha. Na kama tatizo lako limetokana na kitu kilichozidi, kama chumvi kwenye mboga au fluoraidi kwenye maji ya kisima, kopo halina uwezo wa kupunguza. Kwa hiyo kabla hujauliza "ninunue lipi?", uliza "nimepungukiwa nini?"

Hatua ya kwanza: tafuta pengo lako

Fikiria mfupa kama ghala la familia. Ndani yake kumehifadhiwa kalsiamu, na kalsiamu hiyohiyo inahitajika kwenye damu kila dakika ili misuli ikaze na moyo upige. Chakula kisipoleta ya kutosha, mwili hauachi moyo usimame. Unaingia ghalani na kuchota. Ukichota kidogo kidogo miaka ishirini bila kurudisha, siku bibi akijikwaa kwenye kizingiti nyonga inavunjika, na watu wanasema ameanguka vibaya. Ukweli ni kwamba ghala lilishakuwa tupu.

Mtu mzima wa miaka 19 hadi 50 anahitaji takribani miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, kutoka kwenye kila anachokula na kunywa. Mwanamke aliyevuka miaka 50, na kila aliyevuka 70, anahitaji kama 1,200. Hesabu ya mwanamke inapanda kwa sababu hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua na uchotaji ghalani unakwenda kwa kasi.

Vitamini D ndiyo inayofungua mlango wa utumbo ili kalsiamu iingie mwilini. Mahitaji yake ni yuniti 600 kwa siku hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo. Sehemu kubwa ya vitamini hii hatuili, tunaitengeneza kwenye ngozi kwa nguvu ya jua.

Hapa watu wa Simiyu tuna ushahidi wa jirani kabisa. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako ndani ya wilaya yetu ya Meatu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wahadzabe na Wamasai wanaoishi maisha ya asili. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wengi huona kinatosha. Hawakumeza kidonge chochote. Waliishi nje, ngozi ikiwa wazi, na mchana wa jua kali walikaa kivulini kama mtu yeyote mwenye busara.

Kwa hiyo kama unalima, unachunga au unachuuza sokoni huku mikono na miguu iko wazi, huenda pengo lako haliko kwenye vitamini D. Lakini mzee asiyetoka kitandani, mtu anayefanya kazi ndani toka asubuhi hadi jioni, mwenye kuvaa nguo zinazofunika mwili wote, na mtoto mchanga anayefungiwa ndani kwa kuogopa upepo, hao jua haliwafikii ingawa linawaka nje ya mlango.

Usidhani pia kwamba jua peke yake linatosha. Katika mji wa Jos, Nigeria, ambako jua ni tele kama kwetu, watoto wengi waliopinda miguu kwa matege walichunguzwa, na mwaka 1999 matokeo yakachapishwa. Shida yao kubwa ilikuwa kalsiamu. Walikula nafaka siku zote, maziwa karibu hakuna. Walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Mlango ulikuwa wazi, mzigo wa kuingiza haukuwepo.

Fanya zoezi hili leo. Chukua karatasi, andika ulichokula jana na juzi, usifiche kitu. Kama hakuna maziwa, hakuna dagaa, hakuna ulezi wala mboga za majani zaidi ya kijiko, pengo lako umeshaliona.

Hatua ya pili: anzia kwenye chungu

Kalsiamu ya chakula inaingia polepole, imeandamana na protini na madini mengine, na si rahisi ipitilize kiasi. Wilaya yetu haijanyimwa.

Maziwa ndiyo ya kwanza. Kikombe cha robo lita kina kama miligramu 300. Mtindi ni vilevile, tena unawafaa wengi ambao maziwa mabichi huwajaza tumbo gesi. Tunafuga ng'ombe, lakini nyumba nyingi huuza maziwa yote na kubaki na chai ya rangi. Bakiza kikombe cha bibi na kikombe cha mjamzito kabla dumu halijaondoka.

Dagaa wa Ziwa Viktoria ni wa pili. Kalsiamu yao imo kwenye mifupa, kwa hiyo watafunwe wazima. Loweka kwenye maji ya moto kutoa mchanga, osha mpaka maji yawe safi, pika na nyanya na karanga. Kwa mzee asiye na meno, kausha, twanga, chunga, kisha weka kijiko cha unga huo kwenye mchuzi au uji.

Ulezi unashinda nafaka zote tunazolima: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, wakati sembe ina kiasi kidogo sana. Uji wa ulezi uliochachushwa usiku kucha ni bora zaidi, kwa sababu uchachu hupunguza kemikali za nafaka zinazong'ang'ania madini. Unga wa ubuyu nao una kalsiamu nzuri. Majani ya kunde, mabichi au yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, yanafaa. Mchicha ule kwa faida zake nyingine, ila kalsiamu yake nyingi imefungwa na asidi iliyomo humohumo kwenye majani, hivyo usiutegemee peke yake kwa mifupa.

Nawe unayetafuta vitamini K kwenye makopo ya bei mbaya, ujue kwamba majani hayohayo ya kijani yamejaa vitamini K, ile inayosaidia kuishikisha kalsiamu kwenye mfupa. Sahani moja ya mboga inakutosha kwa siku.

Hatua ya tatu: chunguza maji kabla ya kulaumu mifupa

Hili linatuhusu sana. Maji ya ardhini katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na ile Shinyanga ya zamani, ambayo Meatu ilikuwa ndani yake hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, yanajulikana kwa kuwa na fluoraidi nyingi katika baadhi ya visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Fluoraidi ikizidi, meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Wengi wetu tunaiona dalili hiyo na kuizoea. Tusichokiona ni kwamba ikiendelea kwa miaka mingi, fluoraidi hujikusanya kwenye mifupa. Mgongo unakakamaa, viungo vinauma, na mfupa unakuwa mnene lakini mwepesi kuvunjika. Mtu wa namna hiyo akinunua kopo la "mafuta ya magoti", anatibu kisichokuwepo na kuacha kilichopo.

Angalia meno ya watoto waliokulia kwenye kisima chenu. Kama wengi wana madoa, peleka swali kwa mhandisi wa maji wa wilaya au ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, uombe kisima kipimwe. Usipoteze kuni: kuchemsha kunaua vijidudu, ila hakuondoi fluoraidi, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto wadogo ambao meno na mifupa yao bado inaumbika. Pipa safi chini ya bati linaweza kuokoa mifupa mingi kuliko kopo lolote.

Hatua ya nne: upande wa moyo, elewa kopo linaishia wapi

Nasema hili kwa uwazi kwa sababu watu wanaachishwa dawa: hakuna vitamini ya kopo iliyothibitika kumkinga mtu wa kawaida na shambulio la moyo au kiharusi.

Majaribio yamefanywa, tena makubwa. Nchini Marekani watu 25,871 walifuatiliwa kwa takribani miaka mitano, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku. Matokeo ya moyo yalitangazwa mwaka 2018: hakukuwa na tofauti na waliomeza kidonge kitupu. Mwaka 2022 yakatoka ya mifupa: kuvunjika hakukupungua. Wengi wa watu wale hawakuwa na upungufu. Walikuwa wanaongeza maji kwenye mtungi uliojaa, na hilo ndilo somo lenyewe.

Jaribio jingine la hukohuko, la wanawake 36,282 waliokoma hedhi, lilitoa matokeo mwaka 2006. Waliomeza miligramu 1,000 za kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D, mifupa ya nyonga iliimarika kidogo, lakini idadi ya waliovunjika nyonga haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Vitamini E ya yuniti 400, iliyokuwa ikisifiwa kama rafiki wa moyo, ilipojaribiwa kwa watu wenye maradhi ya mishipa au kisukari haikuwakinga, na mwaka 2005 ikaonekana waliomeza walipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Kuhusu vidonge vya kalsiamu kwa moyo, watafiti wanabishana tangu 2010, wengine wakisema vinaongeza hatari kidogo, wengine wakikataa. Maziwa na dagaa havimo kwenye ubishi huo.

Adui mkubwa wa moyo kwetu ni presha, nayo haina kelele. Unaweza kuwa nayo miaka kumi bila kuumwa kichwa hata siku moja. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, unahitaji mtaalamu, si mnada. Na dawa ya presha haiachwi kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu unaimeza.

Kisha punguza. Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu: ugali wa mchana, mboga ya usiku, vipande vya kukolezea mchuzi, na samaki wa chumvi. Ongeza vyakula vyenye potasiamu, ambayo husaidia kushusha presha: choroko, dengu, maharage, michembe na matobolwa ya viazi vitamu, ndizi, mboga za majani. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwani potasiamu ikizidi kwake ni hatari. Acha sigara na ugoro. Pombe iwe kidogo au isiwepo.

Tukirudi kwa majirani zetu Wahadzabe: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba wanatembea na kufanya kazi ya kutoa jasho kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na dalili za hatari ya moyo kwao zilikuwa chache sana, hata kwa watu wazima wenye umri. Mwendo uleule unaosaidia moyo ndio unaouambia mfupa ujijenge. Mfupa usiobebeshwa uzito hulegea. Kama umehamia kwenye kazi ya kukaa dukani au kuendesha bodaboda, rudisha mwendo kwa makusudi, angalau nusu saa ya kutembea haraka, siku tano kwa wiki.

Hatua ya tano: jua kama wewe ni wa kidonge

Sikusema makopo yote ni ya kutupa. Wapo watu ambao kidonge kinawafaa kweli, na ni hawa.

Mjamzito mwenye lishe yenye kalsiamu kidogo. Kwake kalsiamu hupunguza hatari ya kifafa cha mimba, ambacho ni presha ya ujauzito inayoua mama na mtoto. Jambo hili limepimwa hapahapa nchini. Mwezi Januari 2024 yalichapishwa majaribio mawili, moja la wanawake 11,000 wa Dar es Salaam na jingine la 11,000 wa Bangalore, India. Waliopewa miligramu 500 kwa siku walilinganishwa na waliopewa 1,500, na kwa upande wa kuzuia kifafa cha mimba dozi ndogo haikuwa dhaifu kuliko kubwa. Kwa hiyo usijiongezee vidonge ukidhani wingi ndio kinga. Hudhuria kliniki mapema, na uulize kuhusu kalsiamu pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa.

Mzee asiyetoka nje, au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu.

Mwanamke aliyekoma hedhi ambaye chakula chake, hata akijitahidi, hakifiki kiwango.

Anayetumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa miezi kadhaa, kwa mfano kwa pumu kali au maradhi ya viungo. Dawa hizo hula mifupa.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofoviri, ambayo huweza kupunguza uimara wa mifupa kwa kiasi. Asiache dawa hata siku moja. Azungumze na mtoa huduma wake kuhusu mifupa.

Mwenye kisukari anayemeza metfomini miaka mingi na miguu inakufa ganzi. Huyu huenda amepungukiwa vitamini B12, na anahitaji kupimwa badala ya kubahatisha.

Kama humo kwenye orodha hii na sahani yako iko sawa, hela ya kopo inunue mayai, maziwa na viatu vya kutembelea.

Hatua ya sita: geuza kopo, soma nyuma

Turudi mkekani kwa shangazi, nikuoneshe tulivyofanya hesabu.

Kopo la mifupa liliandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 1,250, vidonge viwili kwa siku. Usichukue namba hiyo kama ilivyo. Kaboneti ni mchanganyiko, na kalsiamu halisi ndani yake ni asilimia 40 tu. Kwa hiyo kidonge kimoja kina miligramu 500, viwili ni 1,000. Ingekuwa kalsiamu sitrati, kalsiamu halisi ingekuwa asilimia 21. Kila kidonge kilikuwa pia na yuniti 1,000 za vitamini D, jumla 2,000.

Kopo la moyo: kidonge kimoja, vitamini D yuniti 2,000, vitamini E yuniti 400.

Kopo la watu wazima: kidonge kimoja, kalsiamu miligramu 200, vitamini D yuniti 1,000, na vitamini A.

Jumlisha. Vitamini D imefika 5,000, wakati kikomo cha mtu mzima bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Kalsiamu ya vidonge ni 1,200. Shangazi anakunywa vikombe viwili vya maziwa, hiyo ni 600 nyingine, na dagaa hawajahesabiwa. Kikomo kwa aliyevuka miaka 50 ni 2,000. Alikuwa pembeni ya shimo, na kila kopo likiwa peke yake lilionekana halina kosa.

Ukikuta vitamini D imeandikwa kwa mikrogramu, zidisha kwa 40 upate yuniti: mikrogramu 25 ni yuniti 1,000. Vitamini A iangalie kwa jicho kali, hasa kwa mjamzito. Ile ya aina ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku inaweza kudhuru umbo la mtoto tumboni, na kwa watu wazima ikizidi muda mrefu inadhoofisha mifupa uliyotaka kuitengeneza.

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji, na kama kifungashio hakijafunguliwa. Mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulihamia Shirika la Viwango (TBS), na iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Kopo linalouzwa kama chakula halijapimwa kama dawa, kwa hiyo anayekuambia linatibu presha au kisukari anakudanganya. Nunua famasi au kwenye Duka la Dawa Muhimu lenye mtu wa kuuliza, ambaye kesho utamkuta palepale.

Hatua ya saba: panga saa za kumeza

Mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu kwa mara moja. Kama umeandikiwa 1,000, meza nusu asubuhi na nusu jioni. Kaboneti imezwe pamoja na chakula, kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo. Sitrati unaweza kuimeza hata tumbo likiwa tupu. Vitamini D imezwe na mlo wenye mafuta kidogo.

Kalsiamu hupenda kushikana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie. Shika mpangilio huu:

- Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma: vitenganishe na kalsiamu kwa saa mbili au zaidi. Mjamzito anaweza kumeza kimoja asubuhi na kingine jioni.
- Antibaotiki za jamii ya doksisaiklini, tetrasaiklini na siprofloksasini: zimeze saa mbili kabla ya kalsiamu, au muulize mfamasia muda wa kusubiri baada yake.
- Dawa ya tezi, levothairoksini: saa nne.
- TLD ya kufubaza virusi vya UKIMWI, yenye dolutegraviri: imeze saa mbili kabla ya kalsiamu au chuma, au saa sita baada yake. Ukiwa unakula mlo kamili, unaweza kuvimeza pamoja.
- Warfarini ya kuzuia damu kuganda: usianze kopo lenye vitamini K bila daktari. Na mboga za majani ule kwa kiasi kilekile kila wiki, usizikate ghafla wala kuzifululiza ghafla.
- Vidonge vya presha vya kukojoza, kama bendrofluazaidi na haidroklorothiazaidi, na digoksini ya moyo: kalsiamu na vitamini D nyingi pamoja na hizi zinaweza kupandisha kalsiamu ya damu au kuvuruga mapigo ya moyo. Uliza kwanza.

Ukianza kupata kiu isiyoisha, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au maumivu makali ubavuni, acha makopo na uende hospitali nayo mkononi. Na maumivu ya kubana kifuani, uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito ghafla, hayo hayasubiri kupambazuke. Tafuta usafiri saa hiyohiyo.

Hatua ya mwisho: beba kikapu

Asubuhi ya siku ya pili niliongozana na shangazi hadi hospitali ya wilaya, kikapu kikiwa na makopo yake yote matatu pamoja na vidonge vya presha alivyovificha kabatini. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa nawe wiki hii. Kusanya kila kinachomezwa nyumbani: makopo, dawa za hospitali, unga wa mizizi, chai za kienyeji. Weka vyote kwenye kikapu kimoja, mpelekee mtaalamu, na uulize maswali manne:

Nina upungufu gani, na umejuaje?

Je, chakula kinaweza kuuziba?

Kama ni kidonge, ni kiasi gani, mpaka lini?

Kinagombana na dawa ninazomeza?

Uliza pia kama unaweza kuonana na afisa lishe wa halmashauri, kwani kazi yake ni hiyo na ushauri wake hauuzwi mnadani.

Shangazi alirudishiwa dawa zake za presha kwanza kabisa. Makopo mawili aliambiwa asiyafungue tena. La mifupa alibaki nalo, kidonge kimoja kwa siku, baada ya mlo wa jioni, mpaka tarehe aliyoandikiwa. Magoti yake bado yanamsumbua siku za baridi, maana umri hautibiwi kwa kidonge. Ila sasa akimeza anajua anajaza nini, na kile kikombe cha maziwa cha jioni amekataa kukiuza.